Kulishwa kwa mrija ni tiba, si dalili ya kifo

MZAZI anayeona mwanawe akipitishiwa mrija puani katika wadi ya Migori au Homa Bay huweza kudhani kuwa matumaini yamekwisha. Ukweli ni kinyume chake: mrija huo ni sehemu ya tiba, nao hufaa zaidi ukiwekwa mapema.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali aghalabu hupoteza hamu ya kula. Mwili wake hauna akiba. Akikaa saa chache bila chakula, sukari hushuka katika damu na mwili hupoa. Hali hizo zaweza kumuua, hasa usiku.

Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtoto hulishwa kwanza kwa kikombe au kijiko. Asipomaliza asilimia 80 ya maziwa katika milo miwili au mitatu mfululizo, yanayosalia hupitishwa kwenye mrija hadi tumboni. Kabla ya kila mlo, muuguzi huhakikisha kuwa mrija haujahama, kwani maziwa yakiingia mapafuni ni hatari.

Maziwa ya awali huitwa F-75, kwa kuwa mililita 100 zina kalori 75. Mtoto wa kilo 6 asiye na uvimbe hupewa takriban mililita 100 kila baada ya saa 3, usiku na mchana. Kiasi hicho huonekana kidogo, lakini kina sababu. Mwili uliozoea njaa ukijazwa chakula ghafla, madini kama potasiamu na fosfeti hupungua katika damu, na moyo huweza kushindwa kufanya kazi. Hamu ikirejea, mrija huondolewa na chakula huongezwa hatua kwa hatua.

Hata hivyo, hatari haiishii kwenye lango la hospitali. Utafiti wa mtandao wa CHAIN, uliochapishwa mwaka 2022, ulifuatilia watoto wagonjwa 3,101 wa miezi 2 hadi 23 katika hospitali 9 za Afrika na Asia Kusini, Migori ikiwamo. Karibu nusu ya waliofariki katika miezi 6 walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Dawa pekee haikuwa jibu. Jaribio lililofanywa Homa Bay na Kisii, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2021, lilionyesha kuwa azithromycin ya siku 5 wakati wa kuruhusiwa haikupunguza vifo wala kulazwa tena.

Kwa hivyo, kabla ya kuondoka wadini, mzazi anapaswa kujua mambo mawili: mtoto atakula nini, na atarudi kupimwa uzito lini.