Seli Shina na Hewa Haba ya Uloto

Mzazi wa Handeni au Korogwe mwenye mtoto anayeugua selimundu hujifunza mapema kuihofia hewa haba. Kliniki humweleza kwamba oksijeni ikipungua katika damu, himoglobini ya mtoto hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, seli nyekundu hupinda mfano wa mundu, hukwama katika mishipa midogo, na maumivu huanza. Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, ndani ya mfupa uleule unaouma zimo seli nyingine zinazohitaji hewa haba ili zidumu. Anayezielewa hizo ataelewa pia tiba mpya zinazotajwa siku hizi, na atautambua uongo unaouzwa kwa jina lake.

Ugonjwa huu na malaria ni jirani wa kale. Mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi kasoro ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kasoro hiyo imedumu katika nchi zenye mbu. Korogwe inaijua malaria vya kutosha: ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Nchini Tanzania inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka.

Seli zote za damu, ziwe nyekundu au nyeupe, huzaliwa katika uloto, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Mama yao ni seli shina. Hewa tuivutayo ina oksijeni asilimia 21, lakini katika uloto kiwango hicho hushuka sana. Vipimo vilivyofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2014 vilikuta sehemu zenye asilimia 1 na ushei tu. Humo seli shina hutulia, hugawanyika kwa nadra, na hivyo huhifadhi uwezo wake kwa miaka mingi. Hapo ndipo penye ukatili wa selimundu: uhaba uleule unaomhifadhi mama huwapinda watoto wake. Ni sababu mojawapo inayofanya maumivu yashike mapaja, mgongo na mbavu, yaani mifupa yenye uloto.

Maabara nyingi hukuza seli ndani ya kiatamizi chenye joto la nyuzi 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5, huku oksijeni ikiachwa karibu sawa na ya hewa ya kawaida. Kwa seli shina hiyo ni sawa na kumtoa samaki wa kilindini na kumwanika juani. Oksijeni nyingi huzaa kemikali kali zinazojeruhi vinasaba. Seli huamka, hugawanyika kwa pupa, huzeeka au hugeuka kuwa seli za aina nyingine. Mwaka 1977 watafiti walionyesha kwamba hata seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara nyingi zaidi oksijeni ikipunguzwa. Mwaka 2015 kundi la Hal Broxmeyer, huko Indiana, Marekani, lilivuna uloto wa panya na damu ya kitovu cha binadamu katika oksijeni ya asilimia 3, bila kuziruhusu seli ziguswe na hewa ya nje. Seli shina zilizopatikana zilikuwa nyingi mara kadhaa. Siri ya jinsi seli inavyotambua kiwango cha oksijeni iliwapa Kaelin, Ratcliffe na Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019.

Wataalamu wa malaria walikwisha kuonja jambo hili kwa njia nyepesi zaidi. Trager na Jensen, waliofanikiwa mwaka 1976 kuendeleza kimelea cha malaria maabarani, waliwasha mshumaa ndani ya chombo cha kioo na kukifunika. Mwali ulipozimika wenyewe, oksijeni ilikuwa imepungua, na kimelea kikastawi.

Haya si mambo ya wasomi peke yao. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu. Katika tiba hiyo seli shina hutolewa kwa ndugu ambaye vipimo vinaonyesha analingana na mgonjwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ambayo seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hurekebishwa vinasaba maabarani, kisha hurudishwa mwilini. Seli zinapokaa nje ya mwili kwa siku kadhaa, hewa zinayoipata inaweza kuamua ni ngapi zitarudi zikiwa na nguvu.

Basi na itazamwe kwa jicho hilo pakiti ya unga au kopo la vidonge linalonadiwa kuwa ni "seli shina". Seli ambayo hata hewa safi ya chumbani huidhuru haiwezi kukaushwa, kupangwa dukani na kumezwa kwa maji ikiwa hai. Tumbo nalo huimeng'enya kama chakula kingine chochote. Mhudumu wa afya anayeulizwa ajibu hivyo bila kumdhihaki muulizaji, kwani aliyemkesha mtoto akilia mifupa hujaribu kila kitu.

Tiba iliyothibitika iko karibu zaidi: penisilini kwa watoto wadogo, chanjo kamili, kinga ya malaria, maji ya kutosha, na haidroksiyurea kwa wale ambao daktari ameona inawafaa. Homa, kupumua kwa shida au maumivu ya kifua ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Huko kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilinganishwe na kiwango cha kawaida cha mtoto huyo, ambacho kinafaa kuandikwa katika kadi yake siku anapohudhuria kliniki akiwa mzima.