Njia ya Ikweta na Mikanda ya Van Allen

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya walipokuwa wakiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wao, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ikachukua setilaiti ya Marekani ambayo, kwa taadhima ya siku hiyo, iliitwa Uhuru. Nayo ilikuwa ya kwanza kutumwa mahususi kuchunguza eksirei za mbinguni. Njia yake haikuinama kutoka ikweta ila kwa digrii tatu, hata ikawa inapita karibu na utosi wa Bujumbura yetu.

Njia hiyo ilikuwa na hekima yake. Mwaka 1958, kwa vifaa vilivyopakiwa katika setilaiti ya Explorer 1 na vyombo vilivyofuata, James Van Allen na wenzake walibaini kwamba sumaku ya dunia imenasa chembe zenye chaji katika mikanda miwili: wa ndani wenye protoni kali, na wa nje ulio makao ya elektroni. Juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini, ambako sumaku hiyo ni dhaifu, ukanda wa ndani hushuka hadi kilomita 200 hivi, na chombo kipitacho humo vipimo vyake huvurugika na kumbukumbu za kompyuta yake huharibika. Kwa kushika njia ya ikweta, Uhuru iliepushwa na sehemu kubwa ya balaa hilo.

Setilaiti nyingine hazikusalimika. Julai 1962 Wamarekani walilipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya Pasifiki, elektroni zake zikanaswa angani, na setilaiti ya Telstar, iliyorushwa siku iliyofuata, ikanyamaza kabisa Februari 1963.

Ndipo wataalamu wa NASA, akiwamo James Vette, walipokusanya vipimo vya setilaiti nyingi wakaunda vielelezo vya hesabu, AP-8 kwa protoni na AE-8 kwa elektroni, ambavyo mhandisi huvitazama ili akadirie unene wa kinga ya chombo chake. Ila hivyo ni wastani, na naona hapo ndipo penye udhaifu wake, maana dhoruba za jua huupandisha na kuushusha ukanda wa nje kwa siku chache tu. Vyombo viwili vya Van Allen Probes, vilivyorushwa mwaka 2012, vilishuhudia hata ukanda wa tatu ukizuka kisha ukatoweka.

Setilaiti za GPS, zinazoziongoza simu za madereva wa mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura, huzunguka kilomita 20,200 juu, ndani ya ukanda huo wa nje, wala hazina njia ya ikweta ya kukimbilia: kinga yao ni unene wa kuta zao na usahihi wa hesabu hizo.