Uhamisho wa Askari na Leseni ya Kitaaluma ya Mwenza Wake: Ufafanuzi kwa Kurejelea Kariakoo na Upanga, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania hupangiwa kituo kwa amri, na familia humfuata. Mwenza wake, awe mke au mume, mara nyingi ana taaluma au biashara inayotawaliwa na leseni. Makala hii inafafanua namna leseni hizo zinavyosafiri, au kushindwa kusafiri, pamoja na mwenye nazo. Eneo linalorejelewa ni katikati ya Jiji la Dar es Salaam: Upanga, ambako Makao Makuu ya Jeshi yalikaa kwa miaka mingi, na Kariakoo, soko lililo jirani. Jina la Kariakoo lenyewe lina asili ya kijeshi, kwani limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

2.0 Leseni ya Mtu na Leseni ya Mahali

Hoja ya msingi ni kutofautisha leseni inayomhusu mtu na ile inayohusu mahali. Leseni ya muuguzi ni mfano wa aina ya kwanza. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania humsajili muuguzi na kumpa leseni inayotambulika Tanzania Bara yote. Muuguzi anayetoka Songea kumfuata mumewe Upanga hasajiliwi upya. Kikwazo chake ni ajira: akiwa mtumishi wa umma, huomba uhamisho kwa sababu ya kumfuata mwenza, na maombi hayo hutegemea nafasi na ridhaa ya waajiri. Akikaa muda mrefu bila kazi, hulazimika kutafuta mafunzo endelevu ili ahuishe leseni yake.

Leseni ya biashara ni ya aina ya pili. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 huifunga leseni na mahali, na anayefanya biashara mahali pawili huhitaji leseni mbili. Kwa hiyo, mwenye fremu ya vitambaa katika Mtaa wa Kongo, aliyepata leseni yake Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, hawezi kuitumia Tabora. Hasara yake haiishii kwenye ada. Kariakoo kodi ya pango hulipwa kwa miezi mingi kwa mkupuo, na mpangaji anayeingia aghalabu hutoa kilemba. Amri ya uhamisho haimrudishii fedha hizo.

Duka la dawa huunganisha aina zote mbili. Usajili wa mfamasia humfuata mwenyewe, lakini kibali cha duka hutolewa kwa jengo mahususi lenye mfamasia msimamizi. Msimamizi akihama, yeye hubaki na taaluma yake, ilhali duka hubaki bila msimamizi hadi apatikane mwingine.

3.0 Mpaka wa Muungano

Tatizo zito zaidi hujitokeza uhamisho unapovuka bahari kwenda Unguja au Pemba. Katika Katiba ya mwaka 1977, Jedwali la Kwanza linataja ulinzi na usalama kuwa jambo la Muungano. Afya haimo katika orodha hiyo. Kutokana na hali hiyo, Zanzibar ina baraza lake la wauguzi na wakunga. Vivyo hivyo kwa mawakili: Mahakama Kuu ya Zanzibar ni tofauti na Mahakama Kuu ya Tanzania, na kila upande una daftari lake la mawakili. Matokeo yake ni kwamba askari huvuka akiwa na cheo na mshahara uleule, bali mkewe mkunga huvuka na cheti kinachohitaji kutambuliwa upya. Mamlaka inayomhamisha mmoja haina kauli juu ya leseni ya mwingine.

4.0 Ulinganisho

Marekani, ambako leseni nyingi hutolewa na majimbo, ilikabiliwa na hali kama hiyo. Sheria iliyotiwa saini Januari 2023 iliruhusu leseni nyingi za askari na wenza wao zitambulike katika jimbo wanakohamishiwa kwa amri ya kijeshi, mradi masharti ya hadhi njema yatimizwe. Afrika Mashariki nayo ina mikataba ya kutambuana kitaaluma kwa wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi. Mikataba hiyo hufuata taaluma. Haizingatii sababu ya kuhama.

5.0 Hitimisho

Huweza kudaiwa kwamba kulegeza masharti kunahatarisha wagonjwa na wateja. Hoja hiyo ina uzito pale umahiri unapotiliwa shaka, lakini haigusi hali ambapo baraza moja limekwisha kuuthibitisha. Leseni ya muda inayotolewa kwa kuonyesha amri ya uhamisho, cheti cha ndoa na uthibitisho wa baraza la awali ingelinda umma bila kumwacha mkunga akikaa nyumbani huku wodi ikimhitaji. Kwa leseni za mahali, suluhisho hilo halitoshi: fremu haihamishiki, na nafuu yake ni ya fidia zaidi kuliko utambuzi. Sera isiyotofautisha mambo haya mawili itamsaidia muuguzi na kumsahau mfanyabiashara.