Pedeli ya Baiskeli: Mguu Ufungwe au Uachwe Huru?

Katika nyumba nyingi za mwambao baiskeli ni chombo cha watu wote. Baba huiendea sokoni na msikitini, na alasiri mwana huipanda kwenda madrasa. Wazazi hukagua breki na matairi, lakini wachache huzitazama pedeli, ilhali mguu ukiteleza hapo mpandaji hupoteza nguvu na mizani kwa wakati mmoja.

Pedeli ni za aina tatu. Ya kwanza ni bapa, ambayo haiushiki mguu hata kidogo. Ya pili ina kikapu cha chuma au plastiki kwa mbele, pamoja na mkanda. Kuutoa mguu humo ni lazima kuuvuta nyuma, na mkanda ukiwa umekazwa sharti kwanza ulegezwe kwa mkono. Ya tatu ni ya kufuli: kipande kilichofungwa chini ya soli hunasa kwenye pedeli, na huachia kisigino kinaposukumwa upande wa nje. Kampuni ya Look ya Ufaransa iliitoa mwaka 1984, kwa kufuata vifungo vya viatu vya kuteleza thelujini, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda nayo Tour de France.

Kufuli humfaa aendaye masafa marefu, kwani mguu hautoki hata barabara ikiwa na mashimo. Lakini huhitaji viatu maalumu, na anayejifunza, akisahau kugeuza kisigino anaposimama ghafla, huanguka ubavu miguu ikiwa bado imenaswa. Mwenye kuichagua aanze na springi iliyolegezwa, ajizoeze uwanjani huku ameshika ukuta, kabla ya kuingia barabarani.

Kwa mtoto, na kwa kila asimamaye mara kwa mara mjini, bapa ndiyo salama. Iwe pana, yenye meno ya mpira au plastiki, maana pini za chuma hujeruhi ugoko. Kandambili zilizolowa huteleza. Avae kiatu kinachofunga kisigino. Mwenye kanzu au baibui akunje pindo, na cheni iwe na kifuniko.

Jambo moja kwa afungaye mwenyewe: pedeli ya kushoto hukazwa kinyume cha mwendo wa saa, tofauti na ya kulia. Mara nyingi huwekwa alama ya L kwa kushoto na R kwa kulia. Akilazimisha, hukwangua nyuzi za mkono wa pedeli, na gharama huongezeka.

Kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kushika sababu. Watoto ni amana, na israfu haifai. Pedeli bora ni ile inayolingana na safari, kiatu na umri wa mpandaji, wala si ile ya bei kubwa.