Makinda wa hoki ya barafuni: kumwaga wino au kumaliza chuo?

Jumamosi ya Aprili 13, 2019, Cale Makar alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, akicheza fainali ya vyuo vya Marekani mjini Buffalo. Timu yake ikachapwa 3-0. Jumapili akamwaga wino na klabu ya Colorado Avalanche. Jumatatu usiku beki huyo akaingia barafuni Denver, mechi ya mtoano dhidi ya Calgary, na shuti lake la kwanza likatinga wavuni. Wenzake darasani walikuwa hata hawajafanya mtihani wa mwisho wa muhula.

Haraka ile ilikuwa na hesabu zake. Mkataba wa kwanza wa kinda katika NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, una ukomo wa mshahara, na kwa umri wake ni wa miaka mitatu. Ukisaini msimu ukiwa ukingoni, zile mechi chache zilizobaki zinahesabiwa mwaka mzima. Makar akaumaliza mwaka wa kwanza wa mkataba ndani ya wiki kadhaa, na kufikia 2021 akasaini mkataba mwingine wa miaka sita, dola milioni 54.

Lakini Colorado walikuwa wamemteua tangu 2017, katika uteuzi wa kila mwaka ambapo klabu hupokezana kuchagua makinda na kushika haki za kuwasaini. Kwa miaka miwili alibaki chuoni huku klabu ikimsubiri, kwani hoki inaruhusu kijana ateuliwe akiwa na miaka 18 kisha arudi darasani. Mechi za vyuo huchezwa zaidi Ijumaa na Jumamosi; katikati ya wiki ni mazoezi na vyuma. NHL ina mechi zaidi ya 80 kabla ya mtoano hata haujaanza. Kijana mwembamba akitupwa humo mapema, atapata wapi muda wa kujenga mwili? Beki Owen Power aliteuliwa wa kwanza kabisa na klabu ya Buffalo mwaka 2021, na bado akarudi Chuo Kikuu cha Michigan msimu mmoja. Hakupoteza chochote.

Kwa nyota wa namna hiyo, nadhani uamuzi wenyewe tunaukuza mno. Abaki, aondoke, mlango uko wazi. Patamu ni kwa yule wa katikati.

Mtazame Jimmy Vesey. Klabu ya Nashville ilimchukua raundi ya tatu ya uteuzi mwaka 2012, naye akamaliza miaka yote minne Harvard. Mwaka 2016 akatwaa tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa vyuo. Nashville wakamtaka haraka, akagoma. Haki zake zikauzwa Buffalo, akagoma tena. Kwa kanuni ya wakati huo, klabu isiyomsaini mhitimu wa miaka minne ilimpoteza ifikapo Agosti 15. Siku ikafika, Vesey akawa mchezaji huru, akachagua New York Rangers. Hakuwa supastaa, lakini timu alijichagulia mwenyewe. Huenda mashabiki wa Nashville walimwona msaliti. Mimi naona alisoma kanuni vizuri kuliko waliomteua.

Siku hizi mizani imeyumba upande mwingine. Zamani kijana aliyecheza ligi kuu za vijana za Kanada alifungiwa milango ya vyuo vya Marekani, akihesabiwa kuwa amekwisha kuwa wa kulipwa. Marufuku hiyo iliondoka Agosti 2025, na Gavin McKenna, kinda aliyekuwa akisakwa kuliko wote, akatoka timu ya vijana ya Medicine Hat, Kanada, kwenda chuo cha Penn State, Marekani. Mwaka huohuo vyuo viliruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, mbali na fedha za matangazo walizokwisha kuruhusiwa tangu 2021.

Kwa hiyo kijana wa raundi ya sita, ambaye akisaini leo atapelekwa kwanza timu ya daraja la chini kwenye mji mdogo, safari za basi usiku kucha, sasa ana la kumwambia wakala wake. Chuo kinampa kocha, vyuma, shahada, na pengine hela isiyopungua ile ya daraja la chini. Klabu ikimtaka mapema, itabidi imwambie lini hasa atavaa jezi ya timu kubwa.