Chanjo imeisha Isebania? Cheki hesabu kwanza

Umempeleka mtoto wa dadako chanjo Isebania, unaambiwa, "Imeisha, rudi wiki ijayo." Unamlaumu nesi, sivyo? Ngoja kidogo.

Kila mwezi kituo hujumlisha chanjo kwenye fomu ya MOH 710, kisha takwimu zinaingizwa DHIS2, mfumo ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima 2011. Wakubwa wanaopanga dozi hulinganisha na makadirio ya watoto wa Kenya pekee. Mama aliyevuka na boda kutoka Sirari, Tanzania, hayumo humo, lakini mwanawe amedungwa hapa. Ndiyo maana asilimia inaweza kupita 100 na friji iwe tupu!

Cha kuchekesha, Tanzania nayo inatumia DHIS2 hiyo hiyo.

Rejista ina nafasi ya makazi. Ukitoka Sirari, unashawishika kuandikisha Isebania. Nakuelewa, lakini andikisha Sirari.