Kabla hujainunulia shule ya kwenu kompyuta

Wewe ambaye asili yako ni Migori au Homa Bay, na sasa waishi Nairobi, Mombasa au Kisumu, bila shaka umewahi kualikwa kwenye harambee ya shule uliyosomea. Siku hizi wazo linaloshangiliwa upesi ni la kompyuta. Watoto wa Mbita, Ndhiwa na Kehancha nao waguse mashine kama wenzao wa mjini! Ni wazo jema. Lakini kabla hujatia mkono mfukoni, jiulize: mwalimu mwenye watoto 60 mbele yake atazitumia vipi?

Serikali yenyewe ililipa ghali kujifunza hilo. Ahadi ya vipakatalishi ilitolewa katika kampeni za uchaguzi wa 2013. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, vilikuwa vishikwambi vya darasa la kwanza, pamoja na vipakatalishi viwili vya walimu, projekta, na mtambo wa kuhifadhi masomo. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa nchini. Shule ambazo hazikuwahi kuwa na stima zilivutiwa nyaya au kuwekewa sola. Hata hivyo, katika shule nyingi vishikwambi viliishia kufungiwa stoo. Mwalimu mkuu aliogopa wezi, naye mwalimu wa darasa aliogopa kuviharibu, kwani mafunzo aliyopata yalikuwa ya siku chache tu. Mwaka 2019 serikali ikageukia mpango wa maabara za kompyuta.

Cha ajabu ni kwamba Kenya ilikuwa imeshapata dawa ya tatizo hili miaka ya themanini, tena kwa redio. Chini ya mradi ulioitwa Radio Language Arts, Taasisi ya Elimu ya Kenya ilitayarisha vipindi vya Kiingereza vya nusu saa kwa madarasa matatu ya kwanza, katika shule za mashambani. Sauti ya redio iliuliza swali, kisha ikanyamaza. Darasa zima likajibu kwa sauti, redio ikatoa jibu sahihi, na somo likaendelea. Mtoto hakupata nafasi ya kusinzia. Aidha, mwalimu hakuwekwa kando. Alielekeza, akasahihisha, akamwangalia yule wa nyuma asiyefungua mdomo.

Kishikwambi nacho kitumiwe hivyo hivyo. Wape watoto wanne kimoja, waulize swali, wabishane, kisha mmoja abonyeze jibu. Lakini zamu ibadilike, la sivyo mjanja mmoja atakishika kutwa na watatu wabaki watazamaji (wewe mwenye watoto na rimoti moja nyumbani wayajua haya).

Pia kuna suala la lugha. Mtoto wa Kehancha huja shuleni na Kikuria, wa Ndhiwa na Dholuo. Sauti ya mashine ikisema Kiingereza, mwalimu hana budi kuisimamisha, aeleze, kisha aiachilie tena. Somo lisilosimamishika ni sinema.

Kwa maoni yangu, projekta moja kwa darasa kubwa yashinda vishikwambi kumi. Onyesha ukutani picha ya Ziwa Viktoria iliyopigwa kutoka angani. Mtoto akitafute kisiwa cha Rusinga. Mwingine afuate kwa kidole Mto Migori hadi unapoungana na Kuja kuelekea ziwani. Utaona watakavyogombania kwenda mbele.

Basi mkiketi kupanga bajeti, msiimalize yote kwa mashine. Tengeni fedha za kabati la chuma, za kuchajia, za fundi, na za kuwalipia walimu wawili watatu mafunzo wakati wa likizo. Mwulizeni mwalimu mkuu ni nani atakayeshika ufunguo, na kama mwalimu wa darasa ataweza kuupata bila barua. Na siku ya kukabidhi vifaa, baada ya hotuba na picha, ombeni kuketi nyuma ya darasa kwa somo moja, mwone vikitumika.